MAISHA YA IBN AL-BAYTAR, BINGWA WA MITI YA DAWA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.



Ijumaa hii tunawaletea maisha ya Mwislamu mmoja aliyetumia umri wake wote katika jambo linalotugusa kila siku, nalo ni miti ya dawa. Mtoto akishikwa na joto usiku na vipele vikaanza kutoka, hapa kwetu Kisangani hukusanyika washauri wengi kuliko mikeka ya kukalia. Bibi ana majani yake. Jirani ana chupa aliyoinunua sokoni. Shangazi amevuka mto kutoka Lubunga na mizizi ndani ya kitambaa. Mwingine amesikia kwamba kuna mti unaoua virusi vyote na kuongeza kinga ya mwili. Kila mmoja anasema kwa nia njema, na baba wa mtoto hajui amsikilize nani. Anapofikiri usiku unakwisha, na ugonjwa haumngojei mtu.

Huyu tunayemweleza leo aliishi zaidi ya miaka 700 iliyopita, lakini maswali yake yalikuwa haya haya ya kwetu: mti huu ni upi hasa, nani amesema kwamba unaponya, na yeye amejuaje?

KUZALIWA KWAKE NA MWALIMU WAKE

Jina lake ni Diya al-Din Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad, wa mji wa Malaga katika Andalus, nchi ambayo leo ni kusini ya Hispania. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 12, na wengi hutaja mwaka 1197. Watu wamemjua zaidi kwa jina la Ibn al-Baytar, maana yake mwana wa mganga wa wanyama.

Alikuwa bado kijana alipokwenda kusoma Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbiliya. Huko alipata waalimu kadhaa, na mkubwa wao alikuwa Abu al-Abbas al-Nabati, anayejulikana pia kama Ibn al-Rumiyya. Tumtazame kidogo mwalimu huyu, kwa maana ndiye aliyempa mwanafunzi wake njia.

Abu al-Abbas alikuwa mwanachuoni wa Hadithi. Alipofunga safari ya Hija na kuzunguka nchi za mashariki, alikuwa akikusanya mambo mawili kwa pamoja: kwa mashekhe alikusanya Hadithi, na njiani alikusanya miti. Aliporudi Seville alikuwa na duka la dawa, na aliandika kitabu juu ya mimea aliyoiona katika safari hiyo.

Ndugu zetu mnafahamu jinsi wanavyuoni wa Hadithi wanavyofanya kazi. Mtu akija na maneno na kusema ni ya Mtume (s.a.w.), hawayakubali kwa sababu ni matamu au kwa sababu mtu huyo ana ndevu ndefu. Wanauliza amesikia kwa nani, na huyo alisikia kwa nani, hata mnyororo ufike mwisho. Wanauliza kila mmoja alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri, alikutana kweli na yule anayemtaja. Hapo ndipo wanasema hii ni sahihi, hii ni hasan, hii ni dhaifu, na hii ni ya kutungwa.

Abu al-Abbas aliichukua tabia hiyo akaipeleka porini. Naye Ibn al-Baytar alipokuwa akitembea na mwalimu wake nje ya Seville wakitafuta mimea, ndiyo elimu aliyoipata: habari ya dawa nayo ina wapokezi, na wapokezi wake wachunguzwe.

SAFARI ZAKE

Zama zile Andalus ilikuwa katika misukosuko. Mwaka 1212 majeshi ya Waislamu yalishindwa vibaya katika vita vya al-Iqab, na baada ya hapo miji ilianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Karibu na mwaka 1219 Ibn al-Baytar aliondoka kwao, na hatujaona habari kwamba alirudi tena.

Alipita Afrika ya Kaskazini polepole: Bijaya, Constantine, Tunis, Tripoli, Barqa. Akafika hata nchi ambayo leo ni Uturuki. Kila alipokwenda aliwatafuta wanaojua, wawe wanavyuoni, wachungaji, wakulima au wauzaji wa dawa. Aliutazama mti ukiwa bado umesimama mahali pake, akaangalia jani, ua, mbegu na mzizi, na akauliza wenyeji wanauitaje.

Baadaye alifika Misri. Sultani al-Kamil wa ukoo wa Ayyub, mtoto wa ndugu yake Salahuddin, alimweka kuwa mkuu wa wajuzi wote wa miti ya dawa katika nchi hiyo. Kazi hiyo haikuwa ya heshima tu. Sokoni Cairo kulikuwa na wauzaji wa kila namna, na mnunuzi hawezi kujua kama mzizi uliokauka na kukatwa vipande ni ule aliouomba au ni mwingine. Utawala wa al-Kamil ulipofika Sham, Ibn al-Baytar naye alipata kuitembea nchi hiyo.

ILE DAWA YA BIJAYA

Katika yote aliyoyaandika tumechagua jambo moja, kwa sababu linatuonyesha njia nzima ya dawa kutoka porini hadi hospitali.

Alipokuwa akieleza habari za Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika juu ya mmea ambao Waberberi waliuita atrilal, maana yake mguu wa ndege. Kabila moja la huko walikuwa wakitibu kwa mbegu zake ugonjwa wa mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi. Watu walitoka mbali kuwaendea. Wenyewe waliificha dawa hiyo kama siri ya ukoo, baba akimrithisha mwana, mpaka siri ikatoka na habari ikaenea.

Ibn al-Baytar hakuishia kusema kwamba mti huu ni dawa ya mbalanga. Aliandika namna ya matibabu yenyewe: mgonjwa alikula mbegu, kisha akakaa kwenye jua kali huku mabaka yakiwa wazi. Baadaye malengelenge yalitoka mahali penye weupe, na polepole rangi ilirudi. Tazameni umuhimu wa neno hilo la jua. Mtu akinyamaza juu ya jua, dawa inakuwa si kitu. Na mtu akizidisha jua, dawa inakuwa moto.

Zilipita zaidi ya miaka 700. Mwaka 1947 wataalamu wa Misri walizichukua mbegu za mmea huo, ambao kwa jina la kisayansi ni Ammi majus, wakatoa ndani yake kitu safi kilicho kama chumvi. Kitu hicho leo huitwa methoksaleni. Mwaka 1948 Daktari El Mofty wa Cairo alianza kutoa habari za wagonjwa wa mbalanga aliowatibu nacho. Ilionekana kwamba methoksaleni hailali wala haiamki bila mwanga: huingia katika chembe za mwili, na inapopigwa na miali fulani ya jua hujifunga katika DNA, yaani ule uzi wa ndani unaobeba maagizo ya uhai wa chembe. Hii ndiyo sababu watu wa Bijaya walikaa juani.

Na leo tunajua kwamba mbalanga nyingi hutokea pale askari wa kinga ya mwili wanapokosea na kuzishambulia chembe za rangi za mtu mwenyewe. Kwa hiyo dawa ile iligusa kinga ya mwili kabla watu hawajalijua jina lake. Mwaka 1988 Marekani ilikubali matibabu mengine ya methoksaleni kwa aina moja ya saratani ya ngozi inayotokana na chembe za kinga zenyewe. Damu ya mgonjwa hutolewa, chembe nyeupe hutengwa, hutiwa dawa, hupigwa mwanga, kisha hurudishwa mwilini. Matibabu hayo baadaye yalisaidia pia watu waliopandikizwa uboho wa mtu mwingine na kinga ile ngeni ikaanza kuushambulia mwili wao.

Ndugu wa dawa hiyo, aitwaye amotosaleni, ametengenezwa na wanasayansi kwa mfano wake. Yeye hutumika katika damu ya kuongezewa. Hutiwa ndani ya mfuko wa plazma, mfuko hupigwa mwanga, na virusi vikiwa mle hufungwa nyuzi zao visiweze kuzaana tena. Wakati wa Ebola ya Guinea, mwaka 2015, plazma ya watu waliopona ilisafishwa kwa njia hiyo mjini Conakry kabla ya kupewa wagonjwa. Walipopimwa wagonjwa 84 waliopewa plazma hiyo, haikuonekana kwamba waliokolewa zaidi kuliko wengine. Madaktari walisema hivyo waziwazi, ijapokuwa walikuwa wametumaini kinyume chake.

Basi ni kweli kwamba mti unaweza kuzaa dawa inayogusa kinga na dawa inayoua virusi. Asiyeamini aangalie atrilal. Lakini tuangalie pia urefu wa njia. Mbegu ile ile inachoma ngozi vibaya ikitumiwa ovyo, na hata hospitalini, matibabu ya methoksaleni na mwanga yakirudiwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Kwa hiyo asiondoke mtu hapa na kwenda kuitafuta mbegu hiyo. Ni kazi ya daktari mwenye vipimo.

KITABU CHAKE KIKUBWA

Ibn al-Baytar aliandika vitabu kadhaa. Kimoja kilipanga dawa kwa viungo vya mwili: za kichwa, za macho, za tumbo. Kingine kilieleza kitabu cha Dioscorides, mganga wa Kigiriki wa zamani. Kingine alikiandika kuonyesha makosa ya mwandishi aliyemtangulia. Lakini kilichombeba jina lake ni kile kiitwacho al-Jami, mkusanyo wa dawa na vyakula, alichokitoa kwa Sultani al-Salih Ayyub, mwana wa al-Kamil.

Ndani yake mna vitu takriban 1,400, vingi vikiwa ni mimea, na vingine ni vya wanyama na vya madini. Inahesabiwa kwamba kama 300 kati ya hivyo havikuwemo katika vitabu vya wazee. Aliwataja waandishi kama 150, na kila habari aliiweka chini ya jina la mwenye nayo: hii ni ya Dioscorides, hii ya Galen, hii ya al-Razi, hii ya Ibn Sina, hii ya al-Ghafiqi, hii ya mwalimu wangu. Aliyoyathibitisha yeye mwenyewe kwa macho na kwa kujaribu aliyapa nguvu. Yaliyopingana na aliyoyaona aliyaweka kando, hata kama msemaji alikuwa mkubwa.

Alijali sana majina. Mmea mmoja aliuandikia jina lake la Kiarabu, la Kigiriki, la Kiajemi, la Kiberberi na lile la Kilatini cha watu wa Andalus. Tusidhani alikuwa akijionyesha kwa lugha. Alikuwa akiokoa roho. Watu wawili wakitumia jina moja kwa miti miwili, mmoja atakunywa dawa na mwenzake atakunywa sumu.

Hapa kwetu jambo hilo tunalo mlangoni. Tunasema Kiswahili, tunasema Lingala, na kila kabila la Tshopo lina majina yake ya miti. Neno kongobololo, kwa mfano, linatokana na uchungu wa majani, na kadiri ya mahali watu huliita kwalo mimea isiyo ya aina moja. Mtu akiambiwa na ndugu yake wa Kinshasa anywe kongobololo, naye akaenda kuchuma nyuma ya nyumba yake, huenda wakawa wanazungumzia miti miwili mbalimbali.

Ndiyo maana kazi ya Yangambi, chini ya mto umbali wa kama kilomita 100 kutoka hapa, ni kazi ya Ibn al-Baytar hasa. Katika herbario ya Yangambi mmehifadhiwa takriban mimea 150,000 iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, na kila mmoja una jina lake, mahali ulipochumwa, tarehe na jina la aliyeuchuma. Anayetaka kujua mti wake ni upi hasa ana mahali pa kuulinganisha. Ni hazina yetu, na wengi wetu hatujui kwamba ipo.

MWANAFUNZI WAKE NA KIFO CHAKE

Karibu na mwaka 1236, huko Damascus, alikuja kwake kijana mganga aitwaye Ibn Abi Usaybia. Wakatoka pamoja nje ya mji kutazama mimea mahali inapoota. Kijana huyo, ambaye baadaye aliandika kitabu maarufu cha maisha ya waganga, alieleza kwamba shekhe wake alikuwa na tabia njema na kumbukumbu ya ajabu. Akiulizwa juu ya mmea, alitaja alivyousema Dioscorides, kisha Galen, kisha waliofuata, akaonyesha walipopatana, walipotofautiana na walipokosea. Tena alikuwa akitaja ni sehemu ipi ya kitabu na ni mmea wa ngapi katika hesabu. Kijana alipofungua kitabu alikuta ni vile vile.

Ibn al-Baytar alifariki Damascus katika mwezi wa Shaaban mwaka 646 H, yaani mwaka 1248, akiwa na umri wa miaka 50 na kitu. Mwaka huo huo Seville, mji wa masomo yake, uliangukia mikononi mwa mfalme wa Castile. Mji ulipotea, lakini elimu aliyotoka nayo haikupotea. Kitabu chake kilinakiliwa kwa karne nyingi, na katika karne ya 19 kilitafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kifaransa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Kutafuta dawa ni wajibu wetu, na kuuliza ni sehemu ya kutafuta. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tujitibu, kwani hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake, aijue mwenye kuijua na asiijue asiyeijua. Sehemu hiyo ya mwisho tusiisahau. Kuwepo kwa dawa ni jambo moja, na kuijua ni jambo jingine. Muuza chupa akitushika kwa nusu ya kwanza peke yake, tumkumbushe nusu ya pili.

2. Kuua virusi ndani ya chupa ya maabara si kuponya mtu. Mara nyingi tunasikia kwamba majani fulani yameua virusi. Yawezekana ni kweli. Lakini sabuni pia inaua virusi, moto pia unaua, na hakuna anayemnywesha mtoto sabuni. Kitu kikiingia tumboni kinasagwa, kinapita katika ini, kinatawanyika katika damu yote, na kinachofika penye ugonjwa ni kidogo mno. Ukitaka kifike kingi, huenda ukamuua mwenye mwili kabla ya virusi. Ndiyo maana majani mengi yameshinda maabara na machache sana yameshinda kwa mgonjwa.

Hata dawa za mitambo zinapimwa hivyo hivyo. Katika Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, dawa nne zilipimwa hapa Kongo kwa wagonjwa 681. Mojawapo, iitwayo ZMapp, ilikuwa inaoteshwa ndani ya mimea ya jamii ya tumbaku, na watu waliitumainia sana. Ilishindwa: karibu nusu ya waliopewa walifariki. Nyingine mbili zilipunguza vifo hadi karibu theluthi moja, na moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Bila ya kulinganisha, tungeendelea kutoa ile iliyo dhaifu.

3. Kinga ya mwili si pipa la kujazwa. Muuza dawa husema chupa yake inaongeza kinga, nasi tunadhani kila ikiongezeka ni heri. Sisi watu wa Kisangani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Juni 2000 majeshi mawili yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na walioangamia ni wenye nyumba. Mwili nao ni mji. Askari wake wakipungua, adui huingia, lakini wakizidi na kukosa nidhamu hubomoa mapafu, figo na ngozi ya mwenyewe. Tumeiona mbalanga inavyotokea. Tunayoweza kufanya ili askari wawe na nidhamu ni mambo ya kawaida: chanjo, chakula, usingizi, maji safi, chandarua.

4. Usichanganye dawa bila kumwambia munganga wako. Mwaka 2002 wataalamu waliwapa watu wazima wenye afya dawa ya virusi vya UKIMWI iliyokuwa ikitumika wakati ule, iitwayo saquinavir, pamoja na vidonge vya kitunguu saumu. Kiasi cha dawa katika damu kilishuka kwa nusu. Ikiwa kitunguu saumu, chakula chetu cha kila siku, kikitumiwa kwa wingi kama dawa kinaweza kufanya hivyo, tufikiri mara mbili juu ya mizizi tusiyoijua. Mwenye kutumia dawa za UKIMWI, kifua kikuu, sukari au presha, akitumia pia miti, amwambie munganga bila ya aibu. Na munganga naye asimkaripie, kwani mgonjwa anayekaripiwa leo, kesho ataficha.

5. Hospitali isiwe mahali pa mwisho. Hili ndilo tunalolisisitiza zaidi. Surua ya mwaka 2019 ilipita katika mikoa yote ya nchi hii, na hadi Januari 2020 zaidi ya watu 6,000 walikuwa wamefariki, wengi wao watoto wadogo. Surua ni virusi, na haina dawa ya kuiua, si ya mti wala ya kidonge. Lakini ina chanjo ya kuizuia. Na mtoto aliyekwisha kuipata anasaidiwa: maji, chakula, matibabu ya kichomi kikitokea, na vitamini A siku mbili mfululizo, ambayo inayalinda macho yake na kupunguza kifo. Mawese mekundu tunayoyapikia yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini hiyo, basi mtoto ayale kila siku akiwa mzima. Akishaugua, mawese peke yake hayatoshi.

Mpox nayo, ambayo ilionekana kwa mtu kwa mara ya kwanza hapa nchini mwaka 1970, imetupa fundisho karibu na kwetu. Dawa moja iitwayo tekovirimati ilipimwa kwa wagonjwa 597 huko Tunda, mkoani Maniema, na Kole, mkoani Sankuru. Matokeo yalitolewa Agosti 2024: dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini kuna jambo jingine lililoonekana. Katika wote waliolazwa pale, waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu, vifo vilikuwa asilimia 1.7 tu, wakati kwa wagonjwa wa nchi nzima vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wote walikuwa wamepata kitanda, chakula, maji, usafi wa vidonda na watu wa kuwatazama. Uangalizi huo mwema ulifanya kazi ambayo dawa haikuifanya.

6. Mwenye elimu ya miti asiizike. Tunao wazee wetu, wake kwa waume, wanaoijua misitu hii kuliko kitabu chochote. Tusiwadharau. Watu wa Bijaya walikuwa na kitu cha kweli mkononi, na kama siri yao isingetoka, huenda ingekufa nao. Mzee anayejua amwonyeshe kijana mti ukiwa umesimama, kijana aandike majina yake yote, mahali na matumizi, na wapeleke tawi lake kwa wanaosoma mimea katika Chuo Kikuu chetu cha Kisangani. Iandikwe pia ilipomsaidia mtu na iliposhindwa. Anayesimulia waliopona tu na kuwaficha waliokufa, habari yake ni dhaifu hata kama ni mtu wa swala tano.

Ndugu zetu, turudi kwa yule baba wa usiku. Washauri bado wamekaa. Wala asiwafukuze, kwa kuwa wamekuja kwa mapenzi. Lakini amwulize kila mmoja yale maswali ya Ibn al-Baytar: mti huu ni upi hasa, nani amesema, amejuaje? Jibu likikosekana, amshukuru, amfunike mtoto, ampe maji, na amchukue kituo cha afya usiku huo huo, kwa miguu au kwa baiskeli, asingoje asubuhi. Dua aiombe njiani. Majani ya bibi yatakuwepo hata kesho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu walio majumbani na walio hospitalini, awalinde watoto wetu, awazidishie elimu na subira wanaotutibu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Tanbihi: Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu, tafadhali usiitupe chini. Usiisome wakati imamu anahutubu. Ukimaliza, mpe mwenzako ambaye hakupata, na wasomee wale wa nyumbani wasiojua kusoma.